Vigae vya chupa: nikipasha polepole vinakunywa chai, nikiharakisha vinaumuka

Mama_Vigae

Hamjambo wenzangu. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu najua bila vipimo hakuna atakayeweza kunisaidia.

Niko Kariobangi Light Industries, Nairobi, kwenye karakana tunayogawana watu wanne. Wenzangu wanachomelea milango. Mimi nina kona yangu, mashine ya kukandamizia na tanuru la stima linalobeba vigae sita kwa mpigo. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikitengeneza vigae kutokana na chupa zilizotupwa. Chupa huja kwa mkokoteni kutoka Lucky Summer na Dandora, tunaziloweka lebo zitoke, tunazivunja, tunazisaga. Sitafuti kioo kilichoyeyuka kikang'aa. Natafuta kioo-kauri: unga wa kioo upashwe joto mpaka chembe zishikane, kisha sehemu ya kioo hicho igeuke fuwele, yaani ijipange kama chembe za chumvi, kigae kiwe kigumu kama jiwe na kisipenyeze maji. Nataka akina mama wenye vibanda vya chakula wapate meza ambayo wakiifuta mara moja imekuwa safi.

Miezi miwili iliyopita nilimpa mama mmoja wa chapati vigae vinne avijaribu. Siku ya tatu akaniita. Vilikuwa vimekunywa bizari na chai, rangi imezama ndani, sabuni na brashi havifui dafu. Nilivibandua mwenyewe kwa patasi nikamrudishia ubao wake. Iliniuma sana, maana mama yule aliniamini.

Mchanganyiko wangu kwa uzito: unga wa chupa 70, vumbi la marumaru kutoka kwa wakata mawe 15, udongo mwekundu 15, na uji mwepesi wa muhogo wa kushikisha. Niliongeza marumaru kwa sababu nilisoma kwamba chokaa husaidia fuwele kuota. Unga nauchekecha kwa chekecheo la kawaida la unga wa chapati. Kigae kibichi ni milimita 100 kwa 100, unene 14, gramu 230.

Mchomo wa kwanza: digrii 2 kwa dakika kutoka mwanzo hadi 900, nikashikilia saa 1. Kigae kilitoka cheupe kama chaki, milimita 93, gramu 211. Nikakichemsha saa 2, kikapoa majini, nikakifuta: gramu 235. Yaani kimekunywa maji zaidi ya asilimia 11 ya uzito wake.

Mchomo wa pili: digrii 10 kwa dakika hadi 900. Kiling'aa juu vizuri mpaka nikafurahi, lakini kimevimba, unene umefika milimita 19, na nilipokivunja ndani ni kama andazi.

Polepole kinakunywa maji, haraka kinaumuka. Nimejaribu katikati, digrii 5, nikapata ubaya wa pande zote mbili. Shida ni joto la mwisho, ni mwendo, au ni mchanganyiko?

mfinyanzi_kitengela

Pole dada, na hongera kwa kupima. Mimi nafinyanga vyungu na vikombe, na kwetu kanuni ni moja: ukiharakisha tanuru, utalia. Digrii 2 kwa dakika ndiyo salama. Ningekushauri ubaki na mwendo wa kwanza lakini upande hadi 1000 au 1050. Kama hakijashikana kwa 900, joto zaidi litakishikanisha.

mzee_wa_tanuru

Dada Mama Vigae, kabla sijasema lolote naomba mambo mawili. Vunja kigae cha kila mchomo, utazame ule mvunjiko kwa lenzi ya fundi saa, utueleze unachoona kwenye chembe mojamoja. Kisha dondosha tone la wino juu ya mvunjiko huo. Na uniambie kama kuna mchomo wowote ambao tanuru lilikwama njiani.

Mama_Vigae

Asante mzee. Lenzi nimeazima leo mchana kwa fundi saa wa River Road.

Kigae cheupe: chembe zinaonekana mojamoja kama sukari iliyolowa kidogo ikakauka. Kila chembe ina ganda jeupe pembeni, na katikati bado ni kijani cha chupa, kinaangaza. Sikuwahi kuliona hili kwa macho matupu. Zinagusana kwenye vinundu tu, katikati yake ni matundu. Tone la wino lilipotea kabla sijahesabu tano, likatokea upande wa pili.

Kigae kilichovimba: viputo vya duara, katikati vikubwa kama njegere, kuelekea ukingoni vinapungua. Kuta za viputo ni kioo safi cha kijani. Wino umekaa pale pale, hauingii.

Kuhusu kukwama, ndiyo. Kuna usiku stima ilipotea tanuru likiwa karibu 780. Ilirudi baada ya dakika 40, joto limeshuka hadi 700 hivi, kontrola ikaendelea na mwendo wake wa polepole. Vigae vya usiku ule ndivyo vibaya kuliko vyote, vinakwaruzika kwa ukucha. Nilidhani havikupata joto la kutosha, nikavirudisha tanuruni hadi 950 kwa saa 2. Havikubadilika hata kidogo.

mzee_wa_tanuru

Dada, lenzi imeshakupa nusu ya jibu, na usiku ule wa kupotea stima umekupa nusu nyingine. Nimekaa mbele ya tanuru miaka mingi, kwanza kiwandani na sasa nyumbani, na nakwambia wengi hulipa ada kubwa wasilione lile ganda jeupe ulilolieleza.

Ndani ya kigae chako kuna mambo mawili yanayotokea karibu wakati mmoja, na moja likitangulia linaharibu lingine. La kwanza ni chembe kushikana, ambalo wataalamu huliita sinteringi. Kioo hakina kiwango kimoja cha kuyeyuka kama barafu, hulainika taratibu. Kioo cha chupa kikiwa karibu digrii 550 bado ni kigumu. Kikifika karibu 725 mnato wake umeshuka zaidi ya mara laki mbili, kinaanza kutiririka kama asali nzito. Hapo chembe mbili zinazogusana huvutana kwa nguvu ya uso wake, shingo inaota kati yake, matundu yanafungwa, kigae kinanywea, yaani kinapungua ukubwa.

La pili ni fuwele. Chupa ni kioo cha soda na chokaa, na kioo cha aina hii hakioti fuwele katikati kikiachwa hivi hivi. Zinaanzia usoni mwa chembe zikielekea ndani, hasa uso uliosagwa wenye mikwaruzo na vumbi. Ndiyo maana umeona ganda jeupe na kiini cha kijani. Zinaanza kuota kidogo kidogo kuanzia kama 700, na kadiri joto linavyopanda kuelekea 900 mwendo wake unaongezeka.

Chukua asali ya Mwingi iliyokaa kabatini mpaka ikawa chembechembe. Matone mawili ya asali laini ukiyasogeza yanakuwa tone moja. Ile iliyoganda chembechembe inabaki vilima viwili. Chembe ya kioo ikishavaa ganda la fuwele haitiririki tena kwa joto lile lile, maana fuwele zinadai joto la juu zaidi sana kuyeyuka. Kwa mwendo wa digrii 2 kwa dakika, kutoka 700 hadi 900 kigae chako kimekaa dakika 100. Fuwele zimepata muda wa kuvaa kila chembe kabla matundu hayajafungwa. Usiku wa stima ulizidisha: kimekaa kati ya 700 na 800 mara mbili. Na ndiyo maana kukirudisha hadi 950 hakukusaidia. Ndugu yangu wa Kitengela, kwa heshima, ushauri wako ni sahihi kwa udongo, lakini hapa kupanda hadi 1050 ni kuchelewa, ganda limeshafungwa.

Unga uliokandamizwa vizuri huwa takriban asilimia 60 ya kitu kigumu, zingine 40 ni hewa. Ukifunga matundu yote, milimita 100 lazima ziwe karibu 84 au 85. Wewe umebaki 93. Rula peke yake inatosha kukuambia, hata kabla ya kuchemsha maji.

Sasa kuvimba. Hapa mwendo hauna kosa kubwa, kosa ni marumaru. Marumaru ni kalisi kaboneti, na ikipashwa hugeuka chokaa na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, sehemu 44 katika kila 100 za uzito wake. Kigae chako cha gramu 230 kina marumaru gramu 34.5, kwa hiyo gesi ni gramu 15. Ndiyo sehemu kubwa ya zile gramu 19 ulizopoteza. Zilizobaki ni maji ya udongo na uji wa muhogo. Gramu 15 za gesi hiyo kwa joto la digrii 800 ni zaidi ya lita 30, mtungi mmoja na nusu wa maji, kutoka kwenye kigae kimoja kinachoenea kiganjani. Nayo hutoka sana kati ya 700 na 850, wakati ule ule kioo kinapofunga milango. Ukienda polepole, gesi inatoka kwa sababu milango iko wazi, na imebaki wazi kwa sababu ya ganda. Ukienda haraka, kioo kinafunga na gesi imo ndani. Wanaotengeneza kioo-povu cha kuzuia joto kwenye kuta hutia unga wa kaboneti makusudi ili kiumuke. Umekuwa ukitengeneza kioo-povu bila kujua.

Kwa hiyo, fanya hivi.

Ondoa marumaru yote. Chupa yenyewe ina chokaa karibu sehemu moja katika kumi, hiyo inatosha. Udongo punguza hadi 10.

Saga laini zaidi. Muda wa kushikana hufuata ukubwa wa chembe: chembe ikiwa nusu, muda ni nusu. Chekecheo la chapati linapitisha chembe za nusu milimita. Nenda kwa wachapishaji wa fulana, ununue kitambaa cha skrini chenye nyuzi 77 kwa sentimita, matundu yake ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kinyooshe kwenye fremu ya mbao. Saga ukiwa umeloweka maji, na uvae barakoa ya kweli, si kitambaa. Lakini usisage mpaka uwe kama moshi. Uso ukizidi sana, fuwele nazo zinapata pa kuanzia pengi zaidi.

Mwendo: digrii 2 kwa dakika hadi 600, kaa hapo dakika 40. Muhogo uungue wote, maji ya udongo yatoke, mabaki ya gundi ya lebo yaishe. Hapo kioo bado hakijafunga kitu. Kutoka 600 hadi 760, digrii 10 hadi 12 kwa dakika. Kaa 760 dakika 30, huo ndio wakati wa kunywea. Kisha digrii 5 kwa dakika hadi 880, kaa saa 1, hizo ni fuwele sasa, ziote zikiwa ndani ya kigae kilichokwisha fungwa. Kushuka nitakuandikia kesho, mkono umechoka.

kemia_mwaka_wa_nne

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa maelezo haya. Nasoma kemia kampasi ya Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni wa vioo, naomba niongeze machache.

Hii ya nusu kwa nusu ni kanuni ya mwanafizikia Frenkel ya mwaka 1945: kunywea mwanzoni kunalingana na nguvu ya uso na muda, na kunapungua kadiri mnato na kipenyo cha chembe vinavyokuwa vikubwa. Mnato ndio unaobadilika kupita vyote, ndiyo maana digrii 20 juu au chini huwa na uzito kuliko dakika 20.

Pili, tunapopima unga wa kioo kwenye kipimo cha joto tukibadilisha mwendo, kutoka digrii 5 kwa dakika hadi 20 kwa mfano, kilele cha fuwele, yaani joto ambalo fuwele zinaota kwa wingi, kinahamia juu kwa digrii kadhaa, mara nyingi makumi. Kulainika nako kunahama, lakini kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo mwendo wa kasi unapanua ile nafasi katikati, ambamo kioo ni laini na bado hakina fuwele. Mama, hiyo nafasi ndiyo yako yote. Mwendo wa polepole uliibana mpaka ikaisha.

Mzee aliposema fuwele zinadai joto la juu zaidi nilikumbuka kisa cha mtafiti Stookey wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliweka kioo tanuruni akikusudia digrii 600, kidhibiti kikakwama, joto likapanda hadi 900. Alitarajia kukuta kimeyeyuka kimeharibu tanuru. Akakuta bamba jeupe, gumu, umbo lake halijabadilika, na lilipomponyoka likaanguka sakafuni halikuvunjika. Kioo kile kilikuwa na mbegu za madini ya fedha ndani yake, pa fuwele kuanzia, kwa hiyo fuwele ziliota kila mahali badala ya usoni tu. Chupa zetu hazina mbegu hizo, kila kitu kinaanzia usoni, na ndiyo maana mpangilio wa kwanza-shikana-kisha-ganda hauna mbadala kwetu.

Huko Japani kuna vigae vya kufunikia kuta za majengo vinavyotengenezwa kwa njia inayokaribiana na ya mama: chembe za kioo za milimita chache zinamwagwa kwenye umbo, zinapashwa, zinashikana, kisha fuwele za wolastonaiti, madini ya kalisi na silika, zinaota kama sindano kutoka mipakani mwa chembe kwenda ndani. Ukikipiga msasa kinafanana na marumaru. Kwao chembe kubwa hazina shida kwa sababu kioo chenyewe kimechaguliwa kisiwahi kuganda. Sisi tunatumia chupa iliyoletwa na mkokoteni, basi inabidi tulipe kwa usagaji na mwendo.

mfinyanzi_kitengela

Mzee, nimesoma mara mbili. Nakubali kuhusu ganda. Ila nataka dada asidhani kwamba haraka ni ruhusa ya kila mahali. Mimi nimepasua kazi ya wiki nzima kwa kuharakisha kupita 573, pale kwatzi, ile silika ya mchanga iliyomo kwenye udongo, inapotanuka ghafla. Na rafu yake ya tanuru ni nene, chini ya kigae joto linachelewa. Ukienda digrii 12, juu patafunga chini pakiwa bado unga, kigae kitajikunja kama jani kavu.

mzee_wa_tanuru

Ndugu yangu, hapo umenena, na nashukuru kwa kutonyamaza. Ndiyo maana nimemwambia polepole hadi 600, hiyo 573 anaipita kwa utulivu na ana dakika 40 za kusawazisha joto kabla ya kukimbia. Kuhusu rafu, dada asilaze kigae moja kwa moja juu yake. Aweke vipande vitatu vya udongo uliochomwa, kisha rafu nyembamba juu yake, iliyopakwa uji wa kaolini, udongo mweupe, ili kioo kisigande. Hewa moto ipite chini pia. Kigae cha milimita 14 kinavumilia digrii 10. Kingekuwa cha 30, ningemwambia 4 au 5, na akubali matundu kidogo.

Kushuka, kama nilivyoahidi. Kutoka 880 hadi 600 acha tanuru lishuke lenyewe limefungwa. Kaa 560 saa 1, hapo kioo kilichobaki ndani bado kinaweza kujinyoosha na kuachilia mikazo. Kisha digrii 1 kwa dakika hadi 200. Sehemu kati ya 300 na 200 usiiguse kabisa. Katika kioo chako huenda kukawa na kristobalaiti, fuwele ya silika, na hiyo hunywea ghafla ikipita kati ya takriban 270 na 220. Ukifungua mlango ukiwa hapo utasikia mlio mdogo wa tiki, na kesho yake kigae kitakuwa na ufa mwembamba kama unywele. Fungua ukiweza kushika mlango kwa mkono mtupu.

Na dada, usichome usiku. Najua ndio wakati karakana ina nafasi. Lakini mwendo huu una dakika 15 zisizosamehe, kati ya 600 na 760, na lazima uwe macho hapo. Stima ikipotea chini ya 600, subiri uanze upya, hujapoteza kitu. Ikipotea ukiwa 700 na zaidi, ikirudi ndani ya dakika chache panda kwa kasi yote tanuru iliyonayo. Ikichelewa, andika alama kwenye kigae hicho na usimpe mtu.

Mama_Vigae

Wenzangu, nimerudi. Imepita wiki tatu.

Kitambaa cha skrini nilikipata kwa shilingi chache, kipande kilichobaki kwa mchapishaji. Kusaga ndiko kulikonichosha. Pipa langu la kusagia linazunguka kwa mota ya mashine ya kufulia, mawe ndani, na ilibidi lizunguke saa 9 kupata debe nusu la unga unaopita. Unga ukiushika kati ya vidole hausikii chembe tena, ni kama unga wa wimbi. Nimetumia chupa za kijani peke yake, ili nikiona nyeupe nijue ni fuwele, si chupa nyeupe.

Nilichanganya chupa 90 na udongo 10. Vigae sita, gramu 210 kila kimoja kabla ya kuchomwa. Nilianza saa 12 asubuhi Jumamosi, wenzangu wa milango wakiwa hawajafika. Kwenye 600 nilinusa muhogo ukiungua, harufu kama ya ugali ulioshika sufuria, baadaye ikaisha. Nikabonyeza mwendo wa kasi. Tanuru langu halikufika digrii 12, lilifika 9 na nusu, nikaliacha. Kuna tundu dogo la kuchungulia mlangoni. Nilipofika 740 nilichungulia na tochi, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mwaka mmoja na nusu: nafasi kati ya kigae na kigae inapanuka. Niliviweka kwa kupenyeza kidole kimoja, sasa vidole viwili vingepita. Vilikuwa vinanywea mbele ya macho yangu. Nilimwita fundi aliyekuwa amefika, naye akachungulia, akaniambia mama, vinatembea.

Nilifungua Jumapili jioni baada ya kanisa. Vitano kati ya sita: milimita 86, unene 12, gramu 205. Rangi ni kijani kilichofifia kuwa kama maziwa yenye majani ya chai kidogo, si cheupe cha chaki. Nilichemsha viwili saa 2. Ndugu wa maabara wasinicheke kwamba maji ya Nairobi yanachemka digrii 94 hivi na si 100, ndiyo tuliyo nayo. Vikapoa majini, nikavifuta: gramu 207. Asilimia 1. Wino umekaa juu ya mvunjiko saa nzima, nikaufuta kwa kidole. Kwa lenzi, chembe hazionekani tena mojamoja. Kuna mistari myeupe myembamba inayokutana kama nyavu, na ndani ya kila tundu la wavu kuna kioo. Nadhani mistari hiyo ni mipaka ya chembe za zamani, palipoanzia fuwele. Kuna viputo vidogo vya duara hapa na pale, vidogo kuliko kichwa cha pini.

Cha sita ndicho kinachonirudisha kwenu. Kilikuwa karibu na mlango. Pembe mbili zilizotazama mlango zimebaki nyeupe, zinakunywa wino, na upande huo ni milimita 90 wakati upande wa ndani ni 86. Kigae kimoja, lakini kama kimechomwa na watu wawili. Themokapo yangu, yaani kipima joto cha tanuru, iko ukuta wa nyuma, karibu na elementi, ule waya unaopasha. Nahisi kontrola inaposema 760, mlangoni ni chini zaidi, na pale kioo kimekosa ulaini, fuwele zikawahi. Niko sawa?

mzee_wa_tanuru

Uko sawa kabisa, na umefurahisha moyo wangu. Hizo nyavu nyeupe ndizo nilizotaka uzione. Themokapo inapima pale ilipo tu. Usiihamishe bado. Kwanza tengeneza vipande vidogo vya unga huo huo, milimita 20 kwa 20, uviweke pembe zote za tanuru, juu na chini. Baada ya mchomo pima kila kimoja kwa rula, kisha chora ramani ya tanuru lako kwa namba hizo. Kunywea ndio themomita yako, kunahesabu joto na muda pamoja, na hakudanganywi na elementi iliyo karibu. Ukishapata ramani, utajua kama ni kuziba mlango kwa blanketi ya kauri au kuongeza dakika 10 pale 760. Dakika zinaweza kutosha, mradi usizidishe zikawa saa.

mfinyanzi_kitengela

Dada, nina koni za kupimia joto zilizobaki, za viwango vya chini. Nipitie Jumamosi nikija mjini nikuachie chache uziweke pembeni mwa hivyo vipande, tulinganishe.

Mama_Vigae

Nitashukuru sana kaka. Vipande vya majaribio nimeshavikandamiza kumi na viwili, vinakauka juu ya kabati. Viwili vya milimita 86 nimempelekea yule mama wa chapati leo asubuhi. Sijavibandika. Ameviweka kando ya jiko, amevimwagia chai ya rangi na bizari mwenyewe, akasema niende nivione Ijumaa.